Nilivyowafuata kwa simu wagonjwa walioacha kuja kliniki

Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, humnyima mtu nguvu ya kuamka, kuoga, kupanda gari na kukaa kwenye benchi huku watu wakimtazama. Sisi tunamwambia kwanza afanye hayo yote, ndipo tumtibu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na jambo hilo liliniuma kwa muda mrefu kabla sijaamua kuwafuata wagonjwa wangu kwa simu.

Nilianza na wale ambao daktari alishawaona na ugonjwa wao ukajulikana. Wengi hudhani huduma ya mbali ni lazima iwe ya video, lakini wagonjwa wangu wengi wana simu za vitufe, na wenye simu janja bando huwaishia katikati ya maongezi. Nikachagua sauti tupu. Nilitiwa moyo na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika JAMA, jarida la madaktari wa Marekani. Watu 325 wenye sonona walipewa tiba ya mazungumzo, wengine kwa simu, wengine ana kwa ana. Walioiacha njiani walikuwa asilimia 21 hivi kwa simu na asilimia 33 hivi kwa ana kwa ana. Ila miezi sita baada ya tiba kwisha, waliokutana na mtaalamu uso kwa uso walikuwa na hali nzuri zaidi. Ndiyo maana mpaka leo, anayeweza kufika kliniki namwita aje.

Kazi kubwa ilikuwa faragha. Mama mmoja anaishi chumba kimoja na watoto wake, na hakuna saa ambayo yuko peke yake. Tukakubaliana niulize maswali ambayo majibu yake ni "ndiyo," "hapana" au namba. Akisema "ule mzigo bado haujafika," najua mtu ameingia, nami nageuza mazungumzo kuwa salamu za kawaida. Wazo la mzigo lilikuwa lake mwenyewe.

Tangu hapo kila simu naianza hivi: "Uko wapi sasa hivi, na nani anakusikia?" Mahali alipo nahitaji kupajua pia kwa sababu nyingine: hali ikiharibika, nijue pa kumtuma mtu. Kwa hiyo kabla ya yote namwomba mgonjwa namba ya mtu anayemwamini, na ruhusa yake ya kuitumia siku ya hatari. Tunapatana pia kwamba mtandao ukikatika, mimi ndiye nitakayepiga tena. Tukipigiana wote wawili kila mmoja atakuta laini ina shughuli, na mtu aliyekuwa analia hapaswi kuhangaika kutafuta salio.

Kupima ukali wa sonona natumia hojaji iitwayo PHQ-9. Ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Kwenye karatasi watu hutia vema harakaharaka wakaondoka. Kwenye simu nasoma mimi, polepole. Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kuwa afadhali angekufa, au kujidhuru. Nalisoma kwa sauti ileile niliyosomea mengine, kisha nanyamaza. Kijana mmoja alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Nikasikia mlango ukifungwa, akavuta pumzi, akasema, "Hilo, dada, ni karibu kila siku." Sikukata simu. Kwa simu ya pili nilimpigia kaka yake, ambaye namba yake tulikuwa nayo, na usiku uleule walifika hospitali wakiwa pamoja. Alipopata nafuu aliniambia kuwa kama ningemuuliza akiwa mbele yangu, angejibu sifuri.

Si kila mtu wa kuhudumiwa hivi. Anayeamini kuna watu wanamsikiliza kupitia simu, ukimpigia unamzidishia hofu. Mwanamke ambaye mumewe hukagua simu yake, simu yangu inaweza kumletea kipigo, huyo namtafutia njia ya kufika kwetu. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka kupita kiasi, lazima apimwe damu, hapo hakuna mjadala. Na hata kwa wanaofaa, kuna mengi nisiyoyaona: mikono inayotetemeka, nguo zisizofuliwa, harufu ya pombe. Imebidi nijifunze kuuliza waziwazi vitu ambavyo zamani macho yaliniambia: umeoga leo? Umekula nini? Dawa zimebaki vidonge vingapi? Hebu vihesabu nikikusikia.

Wakuu wangu waliona kama napiga soga. Sikubishana nao. Nikaandika kila simu kwenye rejista kama mahudhurio mengine, na maendeleo ya mgonjwa, na nani kapewa rufaa. Baadaye nikapewa chumba chenye mlango unaofungwa na laini ya kazi, ili namba yangu binafsi ipumzike na wagonjwa wajue saa za kunipata. Nje ya saa hizo wanajua pa kwenda kukiwa na dharura, kwa sababu tumeshaliongea kabla.

Kilichobaki ni salio. Mpaka sasa linategemea huruma ya mtu, mwezi huu lipo, mwezi ujao halipo. Nimeomba liingizwe kwenye bajeti palepale zinapoandikwa dawa, na nitaendelea kuomba.