Sufuria ya Mama kule Bognor Regis

Mvua imenyesha tangu alfajiri hapa Portsmouth, na mvua ya namna hii hunirudisha kiangazi cha 1979. Nilikuwa na miaka minane. Baba alirudi kazini ameshika karatasi, akasema tunakwenda kambi. Mama akashika kichwa. Kwa mtu aliyetoka Unguja baada ya 1964, kambi ni neno la askari. Ikabidi Baba amweleze: ni kambi ya Butlin, ya kupumzika, iko pwani, Bognor Regis, watoto watacheza mpaka wachoke.

Lakini Mama hakuwa mbali na ukweli. Kambi ya kwanza ya Butlin, ile ya Skegness, ilifunguliwa Pasaka ya 1936, na vita vilipozuka jeshi la majini likaichukua, likaipa na jina la meli kabisa, HMS Royal Arthur. Meli iliyojaa vibanda na bustani za maua!

Billy Butlin mwenyewe alizaliwa Cape Town mwaka 1899, akaja kufanya biashara ya viwanja vya bembea Uingereza. Husimuliwa kwamba wazo la kambi alilipata Barry Island, huko Wales, alipoona familia zinazurura mvuani kwa sababu wenye nyumba za wageni wanawatoa asubuhi na hawawataki ndani mpaka jioni. Yeye akaweka bei ya kuanzia shilingi 35 kwa wiki, malazi, chakula na michezo humo humo. Miaka miwili baadaye ikapita sheria ya likizo yenye malipo. Watu huzungumzia zaidi bembea na mabwawa, ila mimi naona ujanja wake mkubwa ulikuwa ukumbi wa chakula. Mke wa mfanyakazi wa kiwandani alikaa wiki nzima akiletewa sahani na kuondolewa sahani. Hapiki, haoshi.

Mama yangu hakuionja raha hiyo. Asubuhi mezani kwa Waingereza pana nguruwe, na mayai, alisema, yamepita kikaango kile kile. Basi Baba akakodi chumba chenye jiko. Tukapanda treni, tukabadilisha Barnham, sufuria kubwa imefungwa kwa kanga juu ya mapaja ya Mama. Ndani mlikuwa na mchele, bizari, na chupa ya achari aliyoikumbatia njia nzima.

Pwani ilinivunja moyo. Baba alikuwa akinisimulia mchanga wa Nungwi. Mimi nikakuta kokoto zinazochoma nyayo, hadi maji yapwe ndipo uone mchanga, wa rangi ya chai. Tulicheza hivyo hivyo, midomo imetuiva zambarau kwa baridi.

Na kulikuwa na vijana wa makoti mekundu, wafanyakazi wa kambi wa kuchangamsha wageni. Asili yao ni Skegness: Butlin aliona wageni wamekaa tu, wamenuna, akamwomba mhandisi wake Norman Bradford awachangamshe. Wale wetu hawakukubali mtu anune. Jumatano wakaita wanaume kwenye shindano la magoti mabaya. Baba, ambaye nyumbani hatujawahi kumwona na kaptura, akasukumwa mbele, akakunja suruali. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Goti moja lilikuwa na kovu la baiskeli ya utotoni Malindi, jeusi na lenye kung'aa kama kokwa ya tende. Hakushinda; alishinda mzee mmoja mwenye miguu kama ya korongo.

Mama alikosa yote hayo. Alikuwa chumbani anapalia wali.

Tulipomhadithia hakuamini. Akamsimamisha Baba katikati ya chumba, kati ya kitanda na jiko. "Hebu kunja, Baba Salma, nami nione." Baba akakunja. Mama akainama na mwiko mkononi, akalikagua lile goti kama anayenunua samaki sokoni, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Wali ukashika ukoko, na sisi watoto tukaugombania.

Jumamosi, kwenye treni ya kurudi, Baba alisema mwakani tuje tena, inshallah. Tulidhani Mama amelala. Akajibu bila kufumbua macho:

"Mje. Na sufuria mbebe wenyewe."