Nikivuka Mto Colorado bastola inaingia sandukuni

Ehrenberg, Arizona. Jumapili usiku, 27 Oktoba 2024

Leo nimeegesha upande huu wa mto. Ehrenberg ni kituo cha malori na vumbi tu, ukiangalia magharibi unaona taa za Blythe na hiyo ni California tayari, katikati ni Mto Colorado na daraja la barabara kuu ya I-10 ambalo trela inalivuka kabla hata wimbo mmoja kwenye redio haujaisha. Kabla ya kulala nimefanya kile nafanyaga kila safari ya huku, nimetoa risasi kwenye bastola, nikaiweka kwenye sanduku la chuma, nikapiga kufuli, na risasi nikaziweka mbali kabisa. Hata magazini yenyewe ni ya risasi 10, niliinunua maalum kwa ajili ya hii njia manake California ukiingia na ya kubeba zaidi ya hapo ni kesi. Nimetoka Dallas nayo kiunoni. Texas sawa, New Mexico sawa, Arizona sawa, laiseni yangu inatambulika kote huko. Nikivuka hilo daraja nayo kiunoni, mtu yule yule, bastola ile ile, laiseni ile ile, mimi ni mhalifu.

Watu wananiuliza sana hizi siku, wewe kijana wa Kenya umeingiaje kwenye haya mambo ya bunduki ya Wamarekani, na uchaguzi huu wa urais, Trump na Kamala Harris, utapigia nani. Nimeona niandike, nina usiku mzima hapa.

Kwanza nieleze nilikotoka. Kwetu ni karibu na Eldoret. Tarehe 1 Januari 2008, siku ile kanisa la Kiambaa lilichomwa na watu ndani, sisi tulikuwa tumejificha kwenye miti ya bluugamu nyuma ya boma, mama, baba, mimi na wadogo zangu, tunaona moshi kila upande. Baba alikuwa amepigia polisi simu tangu jana yake. Mara ya mwisho aliambiwa askari wako wanne tu na gari halina mafuta. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa serikali yetu usiku ule, askari wanne na gari bila mafuta, na mzee wangu ameshika panga ambalo mkono ulikuwa unatetemeka nalo. Nyumba ikachomwa tukiiangalia. Tukaishi miezi kwenye hema pale Showground ya Eldoret. Zaidi ya watu 1,100 walikufa Kenya nzima kwa sababu ya kura, na mimi nilikuwa nimepiga kura yangu ya kwanza kwenye huo uchaguzi.

Nikashinda loto ya grinikadi, nikaja Texas 2011. Halafu Septemba 2013 magaidi wakavamia jengo la maduka la Westgate pale Nairobi, watu 67 wakauawa. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa watu Arlington naangalia TV, na kitu nilichoona kilinibadilisha. Wakati kikosi maalum bado hakijaingia, masaa yanaenda, kulikuwa na raia wa kawaida wenye bastola za laiseni wanaingia mle ndani kutoa watu. Abdul Haji alikuwa mmoja wao, huyu ambaye siku hizi ni seneta wa Garissa, mnakumbuka ile picha ya kale katoto kanamkimbilia na yeye amenyoosha mkono. Hakutumwa na mtu, alikuwa anamtafuta ndugu yake, na alikuwa na bastola. Niliwaza moja kwa moja juu ya baba yangu na lile panga. Kenya bunduki ni ya polisi, ya jambazi na ya mtu mwenye jina. Mtu wa shamba kama mzee wangu hata kuota laiseni hawezi. Huku Texas nikapata haki ambayo mzee hakuwahi kuwa nayo, nikajaza ile fomu 4473, fomu ya serikali ya kununulia bunduki, pale dukani, nikachunguzwa jina langu, nikakaa darasani, nikapiga risasi 50 mbele ya mwalimu, nikapewa laiseni. Tangu 2021 Texas hata laiseni si lazima tena ukiwa na miaka 21 na huna kesi, lakini mimi yangu naiweka hai, manake mimi ni dereva na majimbo mengine hayakutambui bila hiyo karatasi.

Sasa mje mwone kwa nini kampeni hii inaniumiza.

Trump alituahidi 2016 kwamba laiseni ya kubeba bunduki ya jimbo moja itakubalika majimbo yote kama vile laiseni ya kuendesha gari. Dereva wa trela ukisikia hivyo unasimama. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi likapitisha mswada, 231 kwa 198, ukaenda Seneti ukafia huko, na chama chake ndicho kilikuwa kimeshika ikulu na mabaraza yote mawili. Najua Seneti inataka kura 60, lakini sikumwona akiupigania kama anavyopigania mambo yake mengine. Mwaka huu karudi na ahadi ile ile. Februari alikuwa Harrisburg, Pennsylvania, akawaambia watu wa NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki, hakuna mtu atagusa bunduki zenu, Mei akaja hapa kwetu Dallas kwenye mkutano wao, wakamuunga mkono, watu wakapiga makofi. Mimi nakumbuka mambo mengine pia. Nakumbuka Februari 2018 baada ya yale mauaji ya shule ya Parkland, amekaa ikulu na wabunge mbele ya kamera, akasema chukueni bunduki kwanza, mambo ya mahakama yafuate baadaye. Angesema hivyo Mdemokrat, jamaa zangu wa uwanja wa shabaha wangeandamana. Na ni serikali yake iliyopiga marufuku kile kifaa cha kufunga kwenye kitako kinachofanya bunduki iteme risasi mfululizo kama rashasha, baada ya yale mauaji ya Las Vegas ya 2017. Aliyekwenda mahakamani kukipinga ni mwenye duka la bunduki wa Austin, Michael Cargill, mtu mweusi, mwanajeshi wa zamani. Akashinda Mahakama ya Juu mwezi wa 6 mwaka huu, 6 kwa 3, na majaji watatu walioteuliwa na Trump wote walikuwa upande wa Cargill. Kwa hiyo mkono mmoja ulichukua na mkono mwingine ukarudisha, na mimi ule mkono wa pili siwezi kuudharau. Ni majaji hao hao 2022 walioiambia New York kwamba mtu hahitaji kumthibitishia ofisa kwamba ana sababu maalum ya kubeba bastola. Ile hukumu ya Bruen niliisoma yote nikiwa nasubiri mzigo.

Kamala Harris naye. Kwenye mdahalo wa Philadelphia, tarehe 10 Septemba, alisema yeye na mgombea mwenza wake Tim Walz wote wana bunduki na hawachukui bunduki ya mtu. Baadaye kwa Oprah, yule mtangazaji wa TV, akasema mtu akimvunjia nyumba atapigwa risasi. Baadaye tena akasema bastola yake ni Glock. Nimefurahi kusikia, kweli kabisa, manake mwanamke mweusi anayegombea urais akisema hadharani ana bastola ya kujilinda, binti yangu amesikia. Lakini huyu huyu 2019 alitaka serikali inunue kwa lazima bunduki aina ya AR-15, zile ndefu zinazofanana na za kijeshi, kutoka kwa wananchi, na zamani akiwa mwendesha mashtaka wa San Francisco alikuwa upande wa wale waliotetea marufuku ya bastola ya jiji la Washington kwenye kesi ya Heller kule Mahakama ya Juu. Sasa anasema hilo la lazima ameliacha. Hajakaa chini akatueleza ni nini kilimbadilisha. Mtu anaweza kubadilika, mimi nimebadilika, lakini mimi naweza kukuonyesha siku na mahali.

Na usiku ule ule wa mdahalo, mimi nikiwa naegesha trela nasikiliza kwa redio, Trump akasema wahamiaji wa Haiti kule Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka wa watu. Nilizima. Nilikaa kwenye kiti cha dereva dakika nyingi sijui nifanye nini. Manake huyu ndiye mtu anayesema atanilinda haki yangu. Nina pasipoti ya nchi hii, nalipa kodi, nabeba chakula cha watu kutoka pwani moja hadi nyingine, na lafudhi yangu ikifunguka tu mdomoni mimi kwa macho ya wengi ni mmoja wa wale wa Springfield. Nikajiuliza, anaposema hakuna mtu atagusa bunduki zenu, hiyo "zenu" nimo?

Hili swali si la kufikirika. Philando Castile alikuwa na laiseni kama mimi. Julai 2016, Minnesota, polisi akamsimamisha, akamwambia askari kwa heshima kwamba ana bunduki, akapigwa risasi ndani ya gari na mchumba wake kando na mtoto nyuma. Askari akaachiliwa na mahakama mwaka uliofuata. NRA wakati ule walitoa maneno machache hata jina lake hayakulitaja. Mimi kila nikisimamishwa na polisi namkumbuka Castile. Taa ya ndani nawasha, dirisha nashusha, mikono juu ya usukani, nasema polepole laiseni yangu iko wapi na bastola iko wapi, nasubiri niambiwe nifanye nini. Hakuna mgombea mwaka huu nimemsikia akizungumzia hilo jambo. Hawa wanaongelea AR-15, hawa wanaongelea Marekebisho ya Pili ya katiba, yale ya haki ya kubeba silaha, na mtu mweusi mwenye laiseni aliye kando ya barabara saa saba usiku hayumo kwenye hotuba ya yeyote.

Julai Trump mwenyewe akapigwa risasi kwenye mkutano wa kampeni Butler, Pennsylvania. Imemgusa sikio, mtu aliyekuwa mkuu wa zimamoto zamani akafa pale akiwakinga familia yake, na bunduki ilikuwa ya aina ya AR, ya kijana wa miaka 20. Nilidhani hapo kampeni itasimama kidogo tuongee kama watu wazima kuhusu nani anashika nini na anaihifadhije. Wapi. Siku mbili baadaye mkutano mkuu wa chama chake, Republican, ukaanza Milwaukee, na kwenye ilani yao haki ya kubeba silaha ikatajwa kwa kupita tu ndani ya orodha ya haki nyingine. Septemba ikaja shule ya Apalachee kule Georgia, wanafunzi wawili na walimu wawili, mshtakiwa ni mtoto wa miaka 14 na baba yake naye akashtakiwa. Mimi hapo sina maneno ya kutetea. Ukiwa na mtoto ndani ya nyumba na bunduki haiko kwenye sefu, wewe haki hiyo umeichafua kwa niaba yetu sote. Kwangu sefu ilinunuliwa kabla ya bastola, na hivyo ndivyo ningetaka kila duka liwaambie watu.

Mama watoto hakubaliani na mimi. Yeye pia ni wa kwetu, yeye pia alikuwa Showground. Tulikuwa jikoni wiki jana anasonga ugali, nikawa namweleza mambo ya baba na lile panga kama nilivyoandika hapa, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Baba watoto, na wale waliokuja kutuchoma? Wangekuwa na hizo AR-15 zenu, tungefika kwenye hiyo miti ya bluugamu?"

Nilinyamaza. Bado nimenyamaza. Nimeendesha maili zaidi ya elfu moja na hilo swali, nimepita El Paso nalo, nimepita Tucson nalo, na jibu ninalolipata linasaidia nusu tu. Ningemwambia kwamba siku ile wao walikuwa mamia na sisi familia moja, na mtu mmoja mwenye bastola mlangoni pengine angewafanya wafikirie. Pengine. Na pengine wangerudi na bunduki zaidi kesho yake. Yeye anampigia Harris, hajanificha. Mimi kwa sababu ya majaji naegemea upande wa pili, na naegemea na uchungu, manake napigia haki iliyo kwenye katiba kupitia mkono wa mtu aliyewatukana watu kama mimi, na ambaye tangu Mei amepatikana na hatia ya makosa mazito 34 na sheria ya shirikisho inakataza mtu wa namna hiyo kushika bunduki. Jamaa zangu wa shabaha wakisikia hivyo wanakasirika. Wakasirike. Haki hii si ya Trump na si ya kumpa asante, ilikuwepo kabla yake na nataka iwepo kwa wanangu akishaondoka.

Kesho asubuhi nashusha mzigo Fontana, nikipata wa kurudi mapema Alhamisi niko nyumbani. Kura za mapema Texas zinafungwa Ijumaa, tarehe 1. Tumekubaliana tutaenda na mama watoto gari moja. Bastola itabaki kwenye sefu, manake Texas hii hii ambayo unaweza kuingia nayo karibu kila mahali haikuruhusu kuingia nayo kituo cha kupigia kura, hata ukiwa na laiseni. Hiyo sheria sijawahi kuilalamikia hata siku moja. Nilishaona uchaguzi ambao watu walikuja na silaha.

Naweka alamu saa kumi alfajiri. Sanduku nimeangalia tena, limefungwa.