Dai za kukatia nyuzi za bolti, saizi adimu: wacha seti, nunua ile moja unayoihitaji

Wiki mbili zilizopita kuna mama jirani yangu hapa Kisauni, ana kinu cha kusaga unga, aliniletea stadi, yaani bolti isiyo na kichwa, imekatika vipande viwili. Imetoka kwa ile injini yake ya Lister ya zamani, ile ikiwaka mtaa mzima unajua leo kuna unga. Akaniambia mwanangu, kinu kimesimama tangu jana, watu waja na mahindi yao warudi nayo. Nikamwambia mama usijali, kesho asubuhi utaipata.

Kesho asubuhi hakuipata. Nlipima kwa kalipa nikaona nusu inchi, nikatoa dai ya nusu inchi, kile chuma chenye meno kwa ndani cha kukatia nyuzi (ile mistari ya kuzunguka bolti), kwa ile seti yangu kubwa ya sanduku jekundu, nikakata kipande cha chuma na nyuzi zikatoka safi. Nikachukua nati ya zamani nikaizungusha kwa vidole, mzunguko wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu ikakaza. Nikadhani ni uchafu, nikaweka spana nikalazimisha, na hapo ndo nikaharibu vyote viwili, stadi na nati.

Kwa seti yangu dai za inchi ni za UNC, nyuzi za Kimarekani, na nusu inchi ya UNC ina nyuzi 13 kwa kila inchi. Injini ya mama ni ya Muingereza, nyuzi zake Whitworth, na nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12. Unene ni ule ule, tofauti ni uzi mmoja tu ndani ya inchi nzima, na huo mmoja watosha kabisa kukusimamishia kazi. Kinachopoteza mafundi wengi ni kwamba robo inchi zote mbili zina nyuzi 20, 5/16 zote zina 18, 3/8 zote zina 16, kwa hivyo mtu anachanganya miaka na miaka zinaingiana na yeye anaona hakuna shida, mpaka siku afike kwa nusu inchi. Na hata hizo zinazoingiana hazikai sawasawa, maana jino la Whitworth lina pembe ya digrii 55 na la UNC digrii 60, sawa na nyuzi za milimita. Kwa bolti ya kushika mudgadi wacha ipite, lakini kwa kitu chenye mzigo mimi siku hizi sikubali.

Hapa Mombasa hizi saizi hutazikimbia. Joseph Whitworth, yule Muingereza mwenye jina la nyuzi hizi, alitoa hesabu zake 1841, na reli ilipoanza kujengwa hapa 1896 vyuma vilikuja na meli kutoka Uingereza, na baada ya reli zikaja pampu, vinu, cherehani, injini za boti, Landrover. Marekani, Kanada na Uingereza zilikubaliana nyuzi za pamoja 1948 lakini viwanda vya Muingereza havikubadilisha siku moja, kwa hivyo mashine nyingi za baada ya hapo bado ni Whitworth au BSF. BSF ni ile ya Muingereza pia ila ya nyuzi ndogo ndogo, nusu inchi yake ina 16, 3/8 ina 20. Alaf kuna BA kwa vitu vya umeme na vyombo vidogo, hiyo pembe yake ni 47 na nusu, nyingine kabisa.

Sasa nije kwa pesa, maana hapo ndo najuta. Ile seti nliinunua kwa sababu ina vipande vingi na bei ilikua ya kuvutia. Nimekaa nayo miaka mitatu na nikikuambia ukweli nimetumia dai tano, zile za milimita M6, M8, M10, M12 na ile nusu inchi iliyoniaibisha. Zingine zote zimelala, na M8 yenyewe imeshaanza kutafuna chuma badala ya kukata, maana ni kaboni stili laini. Kwa hela ile ile ningepata dai mbili tatu za hai spidi, ile stili ngumu, za saizi ninazozikata kila siku, na nikabaki na akiba ya kutafuta zile adimu moja moja zikihitajika.

Kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi, nunua geji ya nyuzi. Ni yale majani membamba ya chuma yenye meno, unalilaza kwa bolti unaangalia dhidi ya mwanga wa jua, jani likikaa bila mwanga kupita katikati hiyo ndo hesabu yako. Chukua yenye majani ya 55 na ya 60. Kalipa peke yake itakudanganya kama ilivyonidanganya mimi. Na ukisikia nusu inchi uliza ni ya bolti au ya bomba, maana bolti ya nusu inchi ni milimita 12.7 lakini bomba la nusu inchi kwa nje ni karibu milimita 21, nyuzi 14, nimeona kijana ametumwa dukani akarudi na dai ya bomba mara mbili.

Ukishajua saizi angalia mpini wako, ule wa kushikia na kuzungushia dai. Dai za duara za Muingereza, kama za 5/16 na 3/8, mara nyingi ni inchi moja kwa nje, yaani milimita 25.4, na za milimita mara nyingi ni 25 kwa M8, 30 kwa M10, 38 kwa M12. Dai nzuri isiyoingia kwa mpini ulionao bei yake ni ya dai pamoja na mpini mpya, hesabu hivyo kabla hujafurahia. Mimi napenda ile iliyopasuliwa upande mmoja yenye skrubu ya kufungua, unaanza ikiwa imefunguka kidogo, unapita mara ya kwanza, unajaribu nati, alaf unaibana kidogo unapita tena. Ile ya pembe sita kama nati ni ya kusafisha nyuzi zilizoumia, usiitegemee kukata chuma kipya.

Dai za zamani za Kiingereza usizidharau. Mimi yangu ya nusu inchi Whitworth nimeipata kwa mzee anayeuza vyuma chakavu Kongowea, imejaa kutu ya juu juu, imechorwa 1/2 BSW 12, hiyo BSW ndo Whitworth. Nikaiosha kwa mafuta ya taa na brashi, nikatazama meno kwa tochi, ncha ziko kali, hakuna lililovunjika. Nimelipa mia tatu. Na kama unataka bolti moja tu na hutaikata tena maisha yako, wala usinunue, mpelekee fundi wa kukereza na bolti ya sampuli, atakutolea uzi wowote kwa mashine.

Basi stadi ya mama nliianza upya. Nikachonga ncha ya chuma kwa tupa iwe na mteremko kidogo, nikapaka mafuta, nusu mzunguko mbele robo nyuma, nusu mbele robo nyuma, kila ukirudi unasikia kile kijichuma kikikatika tik. Nati mpya ya Whitworth ikashuka kwa vidole viwili mpaka chini. Jioni hiyo kinu kikawaka na mama akaniletea kilo mbili za unga wa dona bado una moto.

Sa hii natafuta 3/8 BSF, nyuzi 20, kwa Landrover ya mzee mmoja wa Ganjoni. Ukiiona popote Kongowea au Shimanzi, meno yakiwa mazima, niwekee nitakuja kuichukua.