Mahakama Haidhani: Nilivyojifunza Kutafsiri "Presume" na Ndugu Zake

Kwa miaka mingi nimekuwa nikitafsiri nyaraka za Kiingereza katika chumba kidogo cha ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Mtaa wa Samora, jijini Dar es Salaam. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na neno moja tu, "kudhani", kwa kila kitenzi cha Kiingereza kinachochukulia jambo kuwa kweli: "assume", "presume", "suppose", "postulate" na vingine. Aliyenitoa katika kosa hilo ni mama mmoja wa Mbagala.

Mama huyo aliishi na mwenzake zaidi ya miaka kumi bila cheti cha ndoa, na mwenzake alipofariki, ndugu wa marehemu walimkana. Shauri lake lilikwisha kwa hukumu iliyoandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ilitolewa kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, naye alitaka kuisoma mwenyewe badala ya kusimuliwa. Penye "presumed" niliandika kwamba "inadhaniwa" walikuwa wamefunga ndoa. Alisoma polepole akifuata mistari kwa kidole, na alipofika hapo kidole kikasimama.

"Mwanangu," aliniuliza, "kumbe mahakama inadhani tu kwamba nilikuwa mke wake?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba aniachie karatasi zile siku chache, nikaenda kwa wakili mwenye ofisi katika jengo letu. Alisoma mstari mmoja tu, kisha akasema, "Kaka, mahakama haidhani. Soma kifungu chenyewe kwanza."

Kifungu chenyewe ni cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kinaeleza kwamba ikithibitishwa kuwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya watambulike kwa watu kuwa mume na mke, basi kunakuwa na dhana inayoweza kukanushwa kwamba walioana kihalali. Nilikisoma mara kadhaa kabla ya kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Kuna jambo linalothibitishwa kwanza, yaani maisha ya pamoja na sifa mbele ya majirani. Jambo hilo likishasimama, ndoa inachukuliwa kuwapo, na anayeikana ndiye anayepaswa kuleta ushahidi. Neno "inadhaniwa" lilikuwa limemrudishia mama yule mzigo ambao sheria ilikwisha kumtua. Nikaandika upya: "itachukuliwa kuwa walioana kihalali, mpaka ithibitishwe vinginevyo."

Baada ya hapo nilifungua Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 13, ili nione Kiswahili chetu wenyewe kinasemaje kuhusu mshtakiwa, ambaye kwa Kiingereza huwa "presumed innocent". Nilifurahi sana kukuta kwamba hakuna anayedhani chochote pale: ni marufuku aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Waandishi waliacha kabisa habari ya mawazo ya mtu, wakazungumzia namna mshtakiwa anavyotendewa.

Tangu siku hiyo nina kaunta buku ambamo kila kitenzi cha aina hii nakiuliza swali moja: ikiwa jambo hili si kweli, nani anayedaiwa ushahidi? "Presume" ina msingi wake tayari. Hata sentensi inayohusishwa na Stanley, "Dr. Livingstone, I presume?", alipokutana na Livingstone kule Ujiji mwaka 1871 ilikuwa na msingi, maana alikwisha kusikia njiani kwamba yuko mzungu mzee mjini humo. "Assume" haidai msingi wowote. Mtu hujichukulia jambo ili kazi iendelee, kama mwanafunzi wa fizikia anavyoambiwa achukulie kuwa kani ya msuguano haipo. Asili yake ya Kilatini ni kuchukua, na sisi tunayo "chukulia" iliyotokana na "chukua", kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuhangaika na "kudhani". "Suppose" mara nyingi ni "tuseme" tu. "Deem" ni "itahesabiwa kuwa", nayo haijali hata kama kila mtu anajua kwamba ukweli ni mwingine.

"Postulate" ilihitaji mfano. Mwaka 1930 mwanafizikia Wolfgang Pauli alisema lazima kuwe na chembe isiyoonekana, kwa sababu bila hiyo hesabu ya nishati katika mnunurisho wa beta, aina moja ya mionzi ya atomu, haikukamilika. Chembe hiyo, nyutrino, ilinaswa mwaka 1956. Huwezi kusema Pauli alidhani. Aliweka jambo kama msingi unaohitajika, akakubali kudaiwa ushahidi wake, na deni lilikaa miaka 26.

Kitenzi kilichonisumbua kuliko vyote ni "suggest". Katika ripoti moja kuhusu soko la samaki la Feri, niliwahi kuandika kwamba matokeo "yanapendekeza mvuvi auze samaki wake alfajiri", ilhali mtafiti alisema matokeo yanaashiria kwamba mvuvi huuza samaki wake alfajiri. Tofauti ilikuwa herufi moja: "sells" yenye "s" inaeleza jambo lilivyo, na "sell" bila "s", kwa mvuvi mmoja, ni pendekezo. Siku hizi naitafuta herufi hiyo kabla ya kugusa sentensi.

Nilimpelekea mama tafsiri mpya nyumbani kwake Mbagala na sikumtoza chochote. Aliisoma kwa kidole kama mwanzo, akapita pale alipokuwa amesimama, akafika kwenye "mpaka ithibitishwe vinginevyo", akarudi nyuma mstari mmoja.

"Basi wao ndio waliotakiwa kuleta ushahidi," alisema, "si mimi."

"Ndiyo, mama. Wao."