Siku moja maishani mwangu: mkuu wa idara na rundo la skripti za mitihani

Saa 12:40 asubuhi. Nimesimama ndani ya basi la mwendokasi, mkono mmoja juu, mwingine una simu. Kundi la WhatsApp la idara limeshaamka: "Matokeo ya mwaka wa pili bado. Nani anachelewesha?" Wote tunajua ni nani. Naandika, nafuta, naandika tena: "Niachieni mimi." Muhula uliopita nilimtaja mtu kwa jina humo humo, saa 3 usiku, watu 31 wakisoma. Aliomba radhi papo hapo. Kesho yake mhudumu wetu wa ofisi akanieleza kwamba usiku ule mwenzangu alikuwa wodini na mtoto.

Saa 2:00. Mhadhiri tunayemsubiri karudi kutoka msibani. Mama yake kazikwa Songea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 4, na basi la kwenda na kurudi limekula 2. Mezani kwake kuna mafungu matatu ya skripti yaliyofungwa kwa kamba ya manila, juu yake kikaratasi chenye wino mwekundu: HARAKA. Michango tulitoa, daftari la rambirambi lilizunguka, wawili wetu walisafiri naye. Kwa kuzika hatujambo. Mtu akirudi sasa: "Pole sana Dokta. Ehe, na yale matokeo?"

Nikavuta kiti nikamuuliza mama aliugua vipi. Alizungumza karibu nusu saa. Siku ya mwisho aliomba uji, akanywa vijiko viwili, akasema umepoa. Hapo akanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Nilipotoka nilibeba mafungu yote matatu.

Saa 4:30. Kwa amidi, mkuu wa kitivo. Ningeomba tu aongezewe muda, jibu nalijua: kila mtu ana matatizo, bodi ya mitihani haingoji. Kwa hiyo nimekwenda na hesabu: skripti 180, wasahihishaji watatu, 60 kila mmoja, mwongozo wa majibu upo, Ijumaa zinarudi. Kasaini bila kuinua kichwa. Nimejifunza kwamba huku juu huruma hupita haraka ikiwa na ratiba.

Saa 7:00. Wali maharage, nusu sahani.

Saa 8:15. Mhadhiri msaidizi kaja kuchukua fungu lake. Kasimama mlangoni. "Mkuu, naomba niseme. Mimi nilipofiwa na baba, Jumatatu yake nilisimamia mitihani miwili."

Ni kweli. Ratiba ile niliipanga mimi. Ningeweza kumwambia kwamba tulikuwa na upungufu wa watu, na tulikuwa nao kweli, lakini hakuja kusikia habari za upungufu. Nikamwambia pole, imechelewa miaka miwili. Kisha mbele yake nikaandika ajenda ya kikao cha Alhamisi: aliyefiwa asipangiwe kusimamia wala kusahihisha kwa wiki 2 tangu arudi, awe profesa au msaidizi, na zamu yake ijulikane mapema nani anaichukua. Akaisoma. "Ongeza na wahudumu," akasema. Nikaongeza. Fungu lake akaliweka kwapani, akaondoka.

Saa 11:00 jioni. Napita ofisini kwa mfiwa. Yule mhudumu kakaa kwenye kiti nilichokaa asubuhi, vikombe viwili vya chai mezani, hakuna anayeongea. Sikubisha hodi.

Fungu langu liko kwenye kapu, chini ya nyanya. Usiku mwanangu wa mwisho atauliza tena kama nasahihisha za darasa lao.