Kifuniko cha Kalamu

Teksi kutoka uwanja wa ndege wa Mohammed V hadi katikati ya Casablanca ilinitoka dirham 300, karibu shilingi 80,000 zetu. Kesho yake ndipo nikajua kuna treni papo hapo, chini ya jengo la abiria. Hoteli nayo, maji ya moto yalikatika saa moja asubuhi, na kwa bei ile Mwanza ningelala wiki nzima na chai juu.

Tulikuwa saba, wote wenye karakana, tumekwenda kuona Moroko ilivyowavuta wageni wakatengenezee vipuri vya ndege kwake. Siku mbili za hotuba zilipita. Tuliambiwa kwamba kampuni ikiingia maeneo maalumu ya viwanda husamehewa kodi ya mapato miaka 5 ya mwanzo, kwamba Toulouse, zinakounganishwa ndege za Airbus, ni mwendo wa saa mbili hivi angani, na kwamba lori huvushwa kwa feri toka Tangier hadi Hispania. Sawa. Lakini kodi hata sisi tunasamehe. Mimi nilitaka kuona mikono.

Siku ya tatu wakatupeleka Nouaceur, jirani na uwanja wa ndege, kwenye kiwanda kimoja cha nyaya. Kila fundi, wengi wao mabinti, alisimama mbele ya ubao mrefu uliobandikwa mchoro, akizilaza nyaya juu ya mistari yake, kila waya na namba yake, kisha akizifunga kwa uzi fundo baada ya fundo. Kando yake palikuwa na droo ya sponji iliyochongwa umbo la kila kifaa: koleo hapa, mkasi pale. Kifaa kikiondoka, shimo lake linaonekana toka mbali.

Nilikuwa naandika. Binti niliyesimama karibu naye akaikazia macho kalamu yangu, akamwambia mkalimani jambo.

"Anauliza kifuniko kiko wapi."

"Mwambie asijali, ni kalamu ya shilingi mia tano."

Binti hakujibu. Aliinua mkono. Msimamizi akaja, akatundika kadi nyekundu kwenye ubao, na mbao mbili za jirani nazo zikasimama. Hakuna aliyefoka. Walichuchumaa na tochi, wakapangusa sakafu, wakageuza vikapu, wakatukagua mpaka mapindo ya suruali. Dakika zikafika ishirini na tano, nami nimelowa jasho. Binti mwenyewe ndiye aliyekipata, kimejibana katikati ya nyaya alizokwisha kuzifunga. Akakata mafundo yote, kazi ya asubuhi nzima, akaanza upya. Wakaandika saa, mahali na aliyekiona. Nikatia sahihi.

Mkalimani akanieleza: ndege hutetemeka. Kiplastiki kile kingesugua ganda la waya mwaka baada ya mwaka, mpaka shaba ikatokeza na kupiga shoti wakati abiria wako juu.

Nilimwomba radhi yule dada, nikamuuliza alisomea wapi. Akanitajia IMA, chuo cha ufundi wa ndege kilichofunguliwa 2011 hapo hapo Nouaceur. Viwanda vyenyewe ndivyo vinavyokiendesha, na mafunzo hugawanywa kati ya darasa na kiwandani. Mwekezaji haji kutafuta fundi, anamkuta.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza habari za kiwanda kilichoanzishwa na Bombardier, kampuni ya ndege ya Kanada, kwenye eneo lile lile. Mwaka 2020 kiliuzwa kwa Spirit AeroSystems ya Marekani, kazi ikaendelea, na vipande vya ndege ya Airbus A220 vimekuwa vikitoka humo. Mwenye mali alibadilika, mafundi wakabaki. A220 ndiyo ile ile ya Air Tanzania niliyopanda kutoka Mwanza kwenda Dar kuanza safari hii, nikilalamikia magoti yangu kubanwa. Vijana wetu nao wanasomea ufundi wa ndege pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Ningependa wawe na ubao kama ule wa kusimama mbele yake.

Niliporudi nilichukua sponji ya godoro kuukuu nikaichonga kwa kisu, spana kwa spana. Jioni ya kwanza shimo moja lilikuwa tupu.

"Fundi, si tufunge tu? Kesho tutaiona."

Tuliitafuta mpaka saa mbili usiku. Ilikuwa ndani ya boneti ya gari la mteja, juu ya betri.