Bei ya Kazi Niliyoitoa Bure

Leo nimepokea barua pepe kutoka kwa kampuni moja ikiniomba niwatafsirie kurasa 12 bila malipo, kwa maelezo kwamba mfasiri aliyenitangulia aliwafanyia hivyo na akaridhika kutajwa jina tu. Nimeisoma mara tatu, kwa kuwa miaka kadhaa iliyopita mfasiri wa namna hiyo nilikuwa mimi.

Wakati ule nilikuwa na ajira nyingine iliyonipa mshahara, nikitafsiri usiku kwa kuipenda lugha, na aliyeniomba sikumnyima. Sikutambua kwamba baadhi ya niliowasaidia walikuwa wafanyabiashara wenye uwezo wa kulipa. Wala sikumfikiria mfasiri aliyeishi kwa kazi hiyo, ambaye baada yangu alilazimika kueleza kwa nini adai kwa kila neno malipo ambayo mwenzake hakuyadai. Bei ikishafika sifuri, anayefuata hajadiliani tena juu ya kiwango, maana hoja inakuwa iwapo anastahili kulipwa chochote.

Waandishi nao wameyaona haya. Gazeti la mtandaoni la Huffington Post, lililochapisha makala nyingi za watu wasiolipwa, liliuzwa kwa kampuni ya intaneti ya AOL mwaka 2011 kwa dola milioni 315. Baadhi ya waandishi hao walifungua kesi nchini Marekani wakidai dola milioni 105, na mwaka 2012 mahakama ikaitupilia mbali, kwa kuwa tangu mwanzo walijua hawatalipwa. Hukumu hiyo naielewa. Kinachoniuma ni kwamba makubaliano kati ya mtoaji na mpokeaji yalimgusa pia mwandishi wa tatu, anayetegemea kalamu yake kulipa kodi ya nyumba, na yeye hakuulizwa.

Sijutii kila nilichotoa. Nilipomtafsiria mgonjwa asiye na uwezo maelezo ya dawa zake, hapakuwa na mfasiri aliyepoteza ujira, kwani bila mimi kazi hiyo isingefanyika kabisa.

Kampuni nimeijibu jioni hii. Nimewatajia kiwango changu kwa kila neno na siku nitakazohitaji, nikaongeza kwamba aliyenitangulia huenda alikuwa akilishwa na mshahara wa kazi nyingine, kama nilivyolishwa mimi.